Bomba la Bure la Stesheni

Tarehe 3 Februari

Mwanangu Sindano,

Yale maneno ya "mimi huku mzima, hofu ni kwako" nayaruka. Ukiona barua, jua mwandishi anapumua.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu imenishinda. Ukinipigia saluni nina kichwa cha mtu magotini, na benchi limejaa wateja wanaosubiri zamu, kila neno letu linajadiliwa mpaka jua lizame. Juzi nilikuambia nina kikohozi kidogo. Jioni nikaletewa dawa na watu ambao hata salamu hatupeani. Barua haina masikio. Dereva wa basi la asubuhi amekubali kuzibeba. Wewe zichukue pale ofisi ya tiketi mjini, na majibu mkabidhi yeye.

Sasa kaa chini. Nataka kuja huko mjini kutembea.

Usishtuke, sijafukuzwa. Tangu mama yako aliponiachia wewe ukiwa unatambaa, sijawahi kufunga saluni wiki nzima. Nimesuka mabibi harusi, nimesuka wafiwa, nimesuka watoto wanaopiga mayowe kama wanachinjwa. Nimechoka kutazama visogo vya watu. Nataka na mimi niketi mahali nitazame mbele.

Siji peke yangu, nakuja na jirani yangu Bi Redio. Usigune, nakusikia mpaka huku. Najua mdomo wake hauna kizibo. Mtu akipiga chafya chumbani kwake, yeye ndiye anayejua mafua kayatoa kwa nani. Lakini safari ni ndefu, na ana kifua cha kubeba mizigo. Ameniomba niseme pia kwamba hali sana. Nimesema.

Tutafikia kwako, kwenye hiyo nyumba yako yenye bomba ndani. Mimi na wewe kitanda kimoja kinatutosha kama zamani. Bi Redio tutamtandikia chini aongee na sakafu.

Pesa si nyingi, mwanangu. Kwa hiyo niandikie kama mwenyeji anayemwelekeza mgeni mwenye mfuko mwepesi: tuone nini, tule wapi, tupande nini, tumkwepe nani. Na Bi Redio anataka apigwe picha hotelini kwako, yeye amesimama mbele ya meza ya mapokezi, wewe nyuma yake na ile tai yako ya bluu. Anasema ataitia fremu.

Shangazi yako


Tarehe 10 Februari

Shangazi wangu,

Shikamoo. Na ya Bi Redio pia mfikishie, kabla hajaja kuidai mwenyewe.

Nimecheka pale ofisi ya tiketi mpaka karani akaniuliza kama nimeletewa posa. Na mwandiko wako, Shangazi! Siku hizi herufi zimesimama wima kama wanafunzi siku ya ukaguzi. Umenunua kalamu gani?

Kuhusu kufikia kwangu, mmenikuta pabaya. Mwenye nyumba anapaka rangi, vitu vyote viko nje, na harufu inapasua kichwa. Lakini msihangaike. Nyuma ya hospitali kubwa kuna nyumba ya wageni ya walimu, na asiye mwalimu hafukuzwi. Vitanda vya chuma, mashuka yananukia sabuni. Ombeni chumba cha upande wa uani. Cha upande wa barabara mtalala na malori.

Sasa mji wenyewe. Mkishuka kwenye basi, watu watawavamia: "Teksi mama, teksi, wapi mama?" Msijibu, hata salamu. Bebeni mizigo, tokeni getini, vukeni barabara mpaka penye wauza magazeti. Pale pale, magari yale yale, bei inashuka kama maji ya mvua, kwa sababu aliyefika pale kwa miguu wanamchukulia ni mwenyeji.

Maji msinunue. Stesheni ya treni, ukipita dirisha la tiketi, kuna mabomba mawili ya bure ukutani. La kulia lina kutu, nyweni la kushoto. Asubuhi maji yake ni baridi kabisa.

Chakula: msile barabara kubwa. Nyuma ya mahakama kuna kantini ya makarani. Msiende saa yao, nendeni wakishaondoka. Sufuria haliwezi kulala na chakula, na mpishi wa pale akiona mtu ana adabu anazidisha kijiko mara mbili. Matunda nendeni sokoni wakati wanafunga mapazia ya maturubai. Ndizi iliyoiva sana inauzwa kwa bei ya asante, na ukimsaidia mama kufunga mzigo wake anakupa na papai.

Mkichoka, nendeni maktaba kuu. Kuna feni, kuna vyoo safi, na hakuna anayewauliza kitu. Kaeni meza ya nyuma karibu na magazeti ya zamani. Mlinzi hamwamshi aliyesinzia alimradi kitabu kiko wazi mbele yake. Bi Redio atafute chenye picha.

Kutoka soko mpaka stesheni ni kwa miguu. Asubuhi shikeni upande wa kushoto wa barabara, ndio wenye kivuli. Mchana hamieni kulia. Vaeni viatu vya soli nene. Na msikose kupanda jengo la posta: lifti ni ya umma, ghorofa ya mwisho kuna dirisha refu, mji wote utauona umelala kama nguo iliyoanikwa. Kisha kivuko. Wageni wenye pesa hukodi boti kuzunguka ng'ambo. Nyinyi pandeni kivuko cha wafanyakazi, kaeni juu nyuma, nendeni na mrudi nacho bila kushuka. Maji ni yale yale, upepo ni ule ule.

Nyumba ya makumbusho ina siku yake ya bure. Nitaiulizia.

Hotelini nitaona. Kuna meneja mpya, mkali.

Mwanao,
Sindano


Tarehe 17 Februari

Sindano wangu,

Barua yako imesomwa mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Bi Redio ameikariri. Jana alimwelekeza mtu njia ya kantini ya makarani kwa kidole, kama vile iko nyuma ya choo chetu.

Kalamu ni mpya, ndiyo. Usihangaike na mwandiko wangu.

Nina maswali machache. Hiyo rangi ya nyumbani kwako ni rangi gani? Unapenda ya maziwa, nakumbuka. Kama mwenye nyumba ana akili, angekuuliza.

La pili, mbona safari hii hukuniambia wageni wa hotelini wamekula nini? Zamani kila ukipiga simu tulikuwa tunaambiwa supu ina rangi gani na nani ameirudisha jikoni. Bi Redio amesikitika, alikuwa amezoea.

La tatu, maktaba inafunguliwa mchana, na wewe mchana uko kazini. Umeyajuaje ya mlinzi?

Nauliza tu. Ukubwa ni udadisi.

Tunakuja mwisho wa mwezi wa tatu. Tiketi tumeshakata, na siku yenyewe siwezi kuisogeza. Usiniulize kwa nini. Saluni nitamwachia yule binti niliyemfundisha. Mkono wake bado mzito, anavuta nywele kama anang'oa magugu, lakini wateja watavumilia.

Kula vizuri.

Shangazi yako


Tarehe 25 Februari

Shangazi,

Shikamoo.

Nakuomba mfikirie kusogeza safari. Mwisho wa mwezi wa tatu mvua zinaanza na mji huu mvua ikinyesha haufai. Mitaro inafurika, magari yanawarushia watu matope. Mkiwa mmeshaamua kabisa, basi mvua ikiwakuta katikati ya mji kimbilieni kibaraza cha benki ya zamani, kile chenye nguzo. Kibaraza cha benki mpya kina askari anayefukuza watu.

Rangi ni ya maziwa, kama ulivyosema.

Maktaba nilienda siku yangu ya mapumziko.

Picha ya hotelini haitawezekana. Wanatengeneza sehemu ya mbele, wageni wenyewe wanapitia mlango wa jikoni. Mwambie Bi Redio anisamehe. Na huenda wiki hiyo nikapangiwa zamu za asubuhi na jioni, nisiweze hata kuwapokea. Ndiyo maana nasema mngesubiri. Mwezi wa nane hali ya hewa ni nzuri, na mambo yangu yatakuwa yametulia.

Usinielewe vibaya, Shangazi. Hakuna mtu ninayetamani kumwona kuliko wewe. Lakini mji si kitu cha kuja kwa pupa.

Sindano


Tarehe 4 Machi

Kwako Sindano,

Huyu si shangazi yako. Huyu ni Bi Redio, yule asiye na kizibo.

Angalia mwandiko. Unaujua, sivyo? Ndio huo huo ulioupongeza. Barua zote tatu, hii ya leo ukiihesabu, nimeandika mimi. Zile mbili alikuwa anasema, mimi naandika. Nilikuwa karani wa shule kabla sijastaafu, mkono wangu umezoea. Yale ya mdomo na ya kuongea na sakafu aliyatamka akinitazama usoni, nikayaandika neno kwa neno wala sikupunguza. Sina kinyongo. Ila lile la kwamba barua haina masikio lilinichoma kidogo.

Hii anadhani naandika kwa mpwa wangu. Ameketi pale nje anatazama binti akimsuka mteja, na kila nywele ikivutwa yeye ndiye anayekunja uso.

Mikono yake imekufa ganzi, Sindano. Ilianza kwa vidole kulala kama mguu uliokaliwa, akawa anaikung'uta na kuendelea. Sasa hawezi kushika kitana, hawezi kufunga kifungo. Asubuhi mimi ndiye ninayemfunga kanga. Mganga wa zahanati amesema kuna mshipa umebanwa hapa kwenye kifundo cha mkono. Ameandika rufaa aende hospitali kubwa huko mjini, na siku imepangwa, tarehe thelathini mwezi huu. Ikipita, mpaka wapange nyingine, na mganga anasema mshipa ukibanwa sana hausubiri. Anaweza asisuke tena.

Amekataa usijue. "Mtoto atatupa kazi aje kuniuguza. Mwache. Nitakwenda kama mtalii, nitarudi kama mtalii." Ndivyo alivyosema. Kwa hiyo ulipoandika "nyuma ya hospitali kubwa," niliisoma mara mbili. Nilidhani umeambiwa.

Sasa la pili, na hili ndilo gumu. Nilipomsomea ile barua yako ndefu, mimi nilikuwa nacheka na wale wa teksi na kitabu chenye picha. Yeye hakucheka. Akaniambia, "Rudia pale pa maji." Nikarudia. La kulia lina kutu, la kushoto lina maji baridi asubuhi. Akasema, "Bomba la bure hajui lilipo ila mwenye kiu." Akaniambia tena, "Huyu mtoto anautembea mji huo tangu alfajiri mpaka soko linafungwa. Na hoteli inakwenda saa ngapi?"

Yale maswali ya rangi na supu alikuwa anakufungulia mlango. Akasema nisiongeze lolote, tusikuvue nguo kwa barua. Wewe ukaufunga mlango kwa mvua.

Mimi naitwa Redio, na nimekubali kuitwa. Lakini haya sijamwambia mtu yeyote, na sitamwambia. Nakuandikia wewe tu, kwa sababu nyinyi wawili mnafichana kwa upendo mpaka mtapishana njiani. Yeye atakuja hospitali akiwa amekaza uso, wewe utakuwa umejificha mtaa wa pili. Upuuzi gani huo?

Mwandikie. Kama nimekosea kuhusu hoteli, nitukane. Nimeshazoea.

Jirani yenu


Tarehe 9 Machi

Shangazi na Bi Redio,

Shikamooni.

Naandika kwa wote wawili. Shangazi, usimgombeze. Angenyamaza, mngekuja na kuondoka, nami ningejua habari za mikono yako siku nyingine kabisa, kwa mtu mwingine. Nisingejisamehe.

Hoteli ilifungwa kabla ya mwaka mpya. Mwenyewe aliiuza, sasa hapo kuna duka la magodoro. Tulikusanywa jikoni, tukaambiwa asanteni, tukagawiwa mashuka ya zamani. Ile tai ya bluu niliirudisha, ilikuwa ya kampuni.

Nilidhani nitapata nyingine upesi. Nimezunguka hoteli zote, kubwa na ndogo, kwa miguu. Ndiyo maana najua vivuli. Nyumba yenye bomba ndani niliiacha. Sasa ninaishi chumba kimoja na mwenzangu mshona mapazia, juu ya karakana ya baiskeli. Asubuhi nafagia ngazi za jengo la mawakili. Mchana naosha vyombo kwenye kantini ile ya makarani. Mpishi anayezidisha kijiko ndiye bosi wangu, na anazidisha kweli, hapo sikudanganya. Maktaba nilikuwa nakwenda kuandika maombi ya kazi. Kulala nililala mara moja tu.

Sikuona aibu ya kuosha vyombo. Niliona aibu ya wewe kuwaambia wateja wako, "Mwanangu yuko mapokezi," halafu ulazimike kubadilisha kauli mbele yao. Na nilimwogopa Bi Redio, nasema kweli. Bi Redio, naomba radhi. Kumbe mtu wa kuogopa kusema ni mimi.

Basi njooni. Tarehe ile ile, mvua inyeshe isinyeshe. Nyumba ya walimu hamwendi. Mshona mapazia anakwenda kwa dada yake wiki hiyo, ameshakubali, na amewaachia godoro lake. Chumba ni kidogo, lakini dirisha linafunguka na baiskeli hazipigi honi.

Hospitali kubwa nimeshaizunguka jana. Msifuate mlango wa mbele wenye bustani, huo ni wa kutokea. Wa rufaa ni wa upande wa kushoto, penye benchi za kijani, na watu hupanga foleni kwa kuacha kitu: kikapu, ndala, chochote. Nitaacha kikapu changu alfajiri. Nyinyi mtakuja mmekunywa chai. Leteni ile karatasi ya mganga, na nguo ya mikono mipana, isiyo na vifungo.

Nitawapokea stendi. Sitajificha mtaa wa pili.

Mwanenu,
Sindano


Tarehe 11 Mei

Sindano mwanangu,

Bado anaandika Bi Redio, mimi nasema. (Na safari hii nimeruhusiwa kuchomeka ya kwangu. B.R.)

Nyuzi zimetolewa mikono yote miwili. Kovu ni dogo, kama kucha ya mtoto. Vidole vimeanza kurudi kimoja kimoja. Kwanza kidole gumba, kikaja na maumivu, nikafurahi kuumwa. Jana nilifunga kifungo mwenyewe, nikakifungua, nikakifunga tena. (Alikuwa ananionyesha kama amezaa. B.R.)

Sijakwambia yaliyotokea kule ndani, maana nilipotoka wote mlikuwa mnaongea kwa pamoja. Walinichoma sindano ya ganzi mikononi, nikabaki macho, kitambaa kimewekwa nisione. Daktari akaniuliza, "Mama unafanya kazi gani?" Nikamwambia, "Nasuka." Akaendelea na kazi yake. Nikasema moyoni, huyu hajasikia. Alipomaliza ndipo akasema, "Utasuka." Neno hilo tu. Nililia hapo hapo, ikabidi muuguzi anipanguse, maana mikono sikuwa nayo.

Na nilisikia mlangoni muuguzi akiuliza, "Ndugu wa mgonjwa ni nani?" mkajibu wawili, "Mimi," kisha mkaanza kubishana nani ndugu zaidi. Nimefarijika sana.

Wiki ile nimeiweka moyoni. Chumba chako ni kisafi. Mpishi wako ni mtu mwema, ingawa anapika wali wenye maji. Ngazi ulizofagia nimezipanda kwa makusudi, mpaka juu, na sikuona hata kijiti. Nilikuangalia ukituongoza njiani. Ulikuwa unatembea mbele unarudi nyuma, "Hapa geukeni, hapa msikanyage, subirini mwone jua likipiga kile kioo." Nikamwambia Bi Redio, "Hotelini alikuwa anakaa nyuma ya meza. Hapa yuko mbele." Kule juu ya posta, mlango wa lifti ulipofunguka, Bi Redio hakusema kitu mpaka tukashuka chini. Sijawahi kuona. (Nilikuwa nahesabu mapaa. B.R.)

Sasa jambo lenyewe. Bi Redio ametangaza.

Hakutangaza ya hoteli, usitetemeke. Ukimuuliza anasema, "Sindano? Anafanya kazi mjini," anafunga mdomo, na wewe unajua inavyomgharimu. Ametangaza mji. Dukani, kisimani, msibani, anawaambia watu wameuona mji wote, na kivuko, na makumbusho siku ya bure, na hawakuibiwa hata leso. Watu hapa walikuwa wanauogopa mji kama homa. Wanaokwenda hospitali wanarudi hawajaona kitu zaidi ya dari. Sasa kuna foleni mlangoni kwangu, na haitaki kusukwa.

Fundi saa na mkewe wanataka kuja mwezi ujao. Tangu waoane wanasema watakwenda, mpaka wamepata wajukuu. Wanataka mtu wa kuwapokea, kuwatembeza na kuwarudisha kwenye basi, na watakulipa, nimewaambia kabisa kwamba hii ni kazi, si undugu. Nyuma yao kuna kikundi cha wanawake washonaji. Mwalimu mkuu naye anauliza kama unaweza kuchukua darasa zima.

Usiseme huwezi. Umeshafanya, tena na mgonjwa mmoja na msemaji mmoja.

Shangazi yako
(Na mtangazaji.)


Tarehe 20 Julai

Shangazi wangu, na Bi Redio,

Shikamooni.

Nimepata ile mistari miwili ya mwandiko wako mwenyewe, Shangazi, imepinda kama njia ya mbuzi, na nimeibandika ukutani. Mshona mapazia anasema unaniambia nile vizuri. Mimi nasoma nisichelewe. Utatuambia ipi ni kweli.

Fundi saa na mkewe wamerudi salama, na najua mmeshaambiwa kila kitu, lakini na mimi niseme langu. Usiku wa kabla sikulala. Nilijiambia, hawa si ndugu zangu, wakichoka watanilaumu, mvua ikinyesha watanilaumu. Asubuhi nikawakuta stendi wamesimama pale penye wauza magazeti, mizigo miguuni, wameshamkataa dereva mmoja. "Tumefanya alivyosema Redio," mzee akaniambia kwa kujidai.

Stesheni tulikunywa maji, bomba la kushoto. Mzee akainua macho akaona saa kubwa ya ukutani, akatoa yake mfukoni, akaghadhibika. Ikabidi tumtafute mkuu wa stesheni. "Saa yako inachelewa," akamwambia. Mkuu wa stesheni hakusimama hata. "Tunajua, mzee. Na treni nayo inachelewa. Zinapatana." Mzee alicheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo akawa mtu mwingine, kila kona anaulizia kisa.

Washonaji nao walikuja. Hao walinichosha. Walitaka kuingia kila duka la vitambaa, kugusa kila jora, na hawakununua hata uzi. Mmoja alipotea sokoni, tukamkuta amekaa na mama wa papai wanasaidiana kufunga mzigo, wameshakuwa marafiki. Darasa la mwalimu mkuu linakuja likizo. Nimemwandikia alete wazazi wawili wenye sauti kubwa.

Kantini bado ninaosha vyombo, lakini mpishi amekubali niondoke siku za wageni, na vikundi vyangu vinakula kwake. Ngazi za mawakili nimemwachia mtu mwingine. Sijatajirika. Kuna wiki nzima hakuna mgeni, nikaanza kuwa na wasiwasi, halafu basi la asubuhi likaleta barua tatu kwa mpigo, za watu nisiowajua, mmoja anatoka mbali kuliko nyumbani. Sijui amesikia kwa nani. Bi Redio, mawimbi yako yamevuka milima.

Nataka kuwaambia la kivuko. Siku ya mwisho ya fundi saa, tulikaa juu nyuma kama kawaida. Mzee alikuwa amesinzia, kofia imemfunika macho. Mkewe alikuwa ameshika chuma cha ukingo anatazama majengo yakisogea mbali, na mimi nilikuwa namwonyesha: kule posta, kule paa jekundu ni soko, ile nyeupe ni mahakama. Hakuwa ananitazama. Akauliza tu, kama mtu anavyouliza njiani, "Na wewe binti, kwenu ni wapi?"

Nimeulizwa hivyo mara nyingi tangu nije hapa, na siku zote nilikuwa nataja huko kwenu. Safari hii jibu lilinitoka kabla sijalifikiria. Nikamwambia, "Hapa."

Akageuka akanitazama vizuri, akaitikia kwa kichwa. "Basi endelea," akasema. "Ile yenye mnara ni nini?"

Nikaendelea.

Mwanenu,
Sindano